Kovu la Zamani: Habari za Kansa Inayoota Katika Tumbo Lililokatwa

Karatasi hii mliyo nayo mkononi ni maneno yale yale yanayosemwa katika redio. Anayeweza kusoma na afuate kwa kidole. Asiyeweza bado na asikilize, kisha jirani yake amsomee tena polepole.

Somo la leo ni la historia, lakini hamtasikia habari za wafalme wala za vita. Ni historia ya ugonjwa mmoja, jinsi ulivyotambuliwa, na jinsi unavyoweza kumpita daktari machoni kama mgonjwa hakusema neno moja analolijua yeye peke yake. Neno hilo tutalifikia.

Naanzia Butiama, mkoani Mara. Wengi wenu mmefika Mwitongo, au mmesikia habari zake. Ndipo ilipo nyumba ya Mwalimu Julius Nyerere, na ndipo lilipo kaburi lake. Katika lugha nyingi za watu wanaozunguka Ziwa Viktoria, itongo ni mahali palipokuwa na mji wa mtu zamani. Watu wamehama, nyumba zimeanguka, imebaki misingi na ardhi nyeusi yenye mbolea. Ardhi hiyo haikai bure. Huota maboga, huota tumbaku, na magugu nayo huota. Shikeni maneno hayo, maana tutayarudia.

Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akiwa na umri wa miaka 77, akarudishwa kwao kuzikwa. Ugonjwa uliomwua ulikuwa kansa ya damu. Siku hizi madaktari wetu husema saratani. Kansa na saratani ni kitu kimoja, na katika somo hili nitatumia neno kansa kwa kuwa ndilo linalosikika zaidi vijijini.

Lakini kansa tutakayosoma leo si ya damu. Ni kansa ya tumbo la chakula, tena ya tumbo ambalo lilikwisha kukatwa miaka mingi nyuma kwa sababu nyingine. Mtu amepasuliwa ujanani, amepona, amelima, amezaa, amepata wajukuu. Kisha katika kile kipande cha tumbo kilichobaki, kansa inaota.

Kwanza tufahamu tumbo ni nini. Sisi tukisema tumbo twataja mahali pote kutoka kifuani mpaka kiunoni. Daktari akisema tumbo la chakula anataja mfuko mmoja tu, ulio juu kidogo upande wa kushoto. Chakula hushuka kooni, huingia mfukoni humo, husagwa na kuchanganywa na maji makali yaitwayo asidi. Halafu hutoka kwa mlango mwembamba ulio chini, kikaingia katika utumbo mwembamba. Mbele kidogo ya mlango huo, nyongo kutoka katika ini hukutana na chakula.

Mfuko huo, au ule mwanzo wa utumbo, ukichubuka na kufanya donda, twasema mtu ana vidonda vya tumbo. Vidonda vikidumu huweza kutoa damu, au kutoboa tumbo kabisa, au kuuziba ule mlango kwa makovu, hata kila anachokula mtu akakitapika. Zamani hapakuwa na dawa ya kuviponya hakika. Ndipo madaktari wapasuaji walipofikiri: tukikata sehemu ile yenye donda, na ile inayotengeneza asidi kwa wingi, je, mtu hatapona?

Wazo hilo lilitimizwa kwanza kwa wagonjwa wa kansa. Mwaka 1879 daktari Mfaransa, jina lake Jules Péan, alimkata mgonjwa sehemu ya tumbo. Mgonjwa alikufa siku ya tano. Mwaka 1880 Mpolandi, Ludwik Rydygier, alijaribu naye. Mgonjwa wake hakumaliza siku nzima. Wa tatu alikuwa Theodor Billroth, katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, tarehe 29 Januari 1881. Mgonjwa wake alikuwa mwanamke wa miaka 43, mwenye uvimbe wa kansa penye ule mlango wa kutokea chakula. Alikuwa hawezi kuzuia kitu tumboni, akiishi kwa maziwa ya mgando. Walimpa nusukaputi, wakamkata, wakashona kipande cha tumbo kilichobaki na utumbo. Kazi ilichukua kama saa moja na nusu. Mwanamke yule akaamka, akala, akarudi nyumbani kwake. Baada ya miezi kama minne alikufa, kwa kuwa kansa ilikuwa imekwisha kutambaa mwilini. Lakini dunia ya madaktari ilikuwa imeona kwamba mtu aweza kuishi na nusu ya tumbo.

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1881, Rydygier, ambaye hakukata tamaa, alimkata mgonjwa mwingine tumbo. Huyu alikuwa na vidonda tu, hakuwa na kansa. Akapona. Mhariri wa gazeti la wapasuaji la Ujerumani alipoichapa habari hiyo aliongeza maneno yake chini, akitumaini kwamba jambo hilo litakuwa pia la mwisho. Halikuwa la mwisho hata kidogo. Kwa miaka karibu 90 iliyofuata, watu wasiohesabika katika Ulaya, Marekani, Japani na kwingineko walikatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda.

Njia za kushona zilikuwa mbili kubwa, na zote mbili huitwa kwa jina la Billroth mpaka leo. Kwa njia ya kwanza, kipande cha tumbo kilichobaki hushonwa na mwanzo wa utumbo, pale pale ulipokuwa mlango wa zamani. Kwa njia ya pili, ya mwaka 1885, mlango wa zamani huzibwa kabisa, na tumbo hushonwa na utumbo mahali pengine, mbele zaidi. Chora mstari kwenye karatasi yako, utaona. Katika njia hii ya pili, nyongo ikishuka hupita mbele ya mlango mpya, na nyingine huruka na kuingia ndani ya tumbo, mahali ambapo si pake. Nyongo ni kali kwa namna yake. Hulichoma tumbo kidogo kidogo, leo, kesho, miaka na miaka.

Sasa twafika mwaka 1922, mwaka aliozaliwa Mwalimu. Daktari mmoja wa kliniki ya Mayo huko Marekani, jina lake Donald Balfour, alikuwa akifuatilia maisha ya watu waliopasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Alitaka kujua waliishi muda gani na walikufa kwa ugonjwa gani. Katika hesabu zake akakuta jambo ambalo halikutazamiwa: baadhi yao walipata kansa katika kipande cha tumbo kilichobaki. Madaktari wanaoandika habari za ugonjwa huu huanza na maandishi yake.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: je, haiwezekani kwamba kansa ilikuwamo tangu mwanzo, ila mpasuaji hakuiona? Yawezekana sana. Ndiyo maana madaktari waliweka mpaka wa miaka 5. Kansa ikionekana kabla ya miaka 5 kupita, huenda ilikuwako zamani ikajificha. Ikionekana baada ya miaka 5, kwa mtu aliyekatwa kwa sababu ya vidonda tu, hapo husema: hii imeota katika tumbo lililobaki. Na kwa kweli haina haraka. Katika miaka kumi hivi ya kwanza mtu aliyekatwa hana hatari kubwa kupita jirani yake. Hatari hupanda baada ya miaka 15 au 20, na huendelea kupanda. Ni kama lile itongo. Mwaka wa kwanza baada ya watu kuhama huoni kitu.

Sababu zake hazikujulikana kwa siku moja. Nyongo nimekwisha kuitaja. Tena, tumbo likikatwa ile sehemu ya chini, asidi hupungua, na asidi ikipungua vijidudu ambavyo zamani vilikufa humo hupata kukaa na kuzaa. Baadhi ya vijidudu hivyo hugeuza vitu vya chakula kuwa sumu inayoharibu chembe za mwili. Na yuko mdudu mmoja mwenye jina refu, Helikobakta pilori, ambaye hukaa tumboni mwa watu wengi wa nchi zetu tangu utoto. Daktari Barry Marshall wa Australia alitaka kuonyesha kwamba mdudu huyo ana madhara, basi mwaka 1984 alikunywa kikombe chenye wadudu hao. Baada ya siku chache tumbo lake likaugua. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel. (Tafadhali msimwige. Alikuwa na dawa karibu.) Mdudu huyo ndiye chanzo cha vidonda vingi vya tumbo, na pia ana sehemu katika kansa ya tumbo. Kwa hiyo mtu aliyekatwa tumbo zamani huenda bado anaye ndani ya kile kipande kilichobaki.

Basi ugonjwa ulijulikana kuwa uko. Tatizo likawa kuuona. Tumbo ni chumba kisicho na dirisha. Mwaka 1868 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, alimtumia mtu wa maonyesho ambaye kazi yake ilikuwa kumeza panga, akampitishia bomba la chuma lililonyoka mpaka tumboni. Bomba liliingia, lakini mwanga haukutosha. Mwaka 1895 Röntgen aligundua eksirei, na baadaye wagonjwa wakanyweshwa uji mweupe wa dawa unaoonekana katika picha, tumbo likaonekana kama kivuli. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini kwa mtu aliyekatwa tumbo, kivuli hicho husumbua. Ule uji hutelemka upesi kwa mlango mpya bila kukawia, na tumbo lenyewe lina mikunjo na makovu ya sindano ya mpasuaji. Mtazamaji hawezi kusema kwa hakika: hili ni kovu au hii ni kansa?

Dirisha lilifunguliwa mwaka 1957. Basil Hirschowitz, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, alikuwa akifanya kazi katika chuo kikuu cha Michigan, Marekani. Yeye na wenzake walitengeneza mpira mrefu unaopindika, na ndani yake nyuzi nyembamba sana za kioo zinazopitisha mwanga hata pale mpira unapokunjika. Alipoumaliza aliumeza yeye mwenyewe kwanza, kisha baada ya siku chache akamtazama mgonjwa. Chombo hicho kiliendelea kutengenezwa, kikawekewa na kikoleo kidogo cha kunyofoa kinyama. Leo kina kamera ndogo. Madaktari hukiita endoskopi. Wagonjwa husema wamemeza mpira, nami nasema ni jina zuri, maana lamweleza mtu kitakachompata.

Sasa turudi kwetu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari Waafrika walikuwa 12 tu katika nchi nzima. Kazi nyingi za kupasua zilifanywa na madaktari wageni, wa serikali na wa misheni, mmoja mmoja, wilaya kwa wilaya. Mwaka huo huo Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago huko Uganda, aliondoka Kampala na wenzake wawili kwa gari, akazunguka nchi nyingi za Afrika kwa majuma 10, mwendo wa maili 10,000, akifika katika hospitali 57. Alikuwa akitafuta kansa ya taya ya watoto. Baada ya safari hiyo aliendelea kuziomba hospitali zimpelekee habari za kansa za kila namna, na kutokana na habari hizo ramani ikaanza kuchorwa. Kansa ya tumbo la chakula ilionekana zaidi katika nchi za milima, kama Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo, na huku kwetu pande za Kilimanjaro. Vidonda vya tumbo navyo vilikuwa vingi katika nchi za Maziwa Makuu.

Katika hospitali zetu wengi waliougua vidonda walifika wakati mlango wa tumbo umekwisha kuziba. Baadhi walikatwa sehemu ya tumbo. Wengine hawakukatwa kitu. Walifunguliwa njia mpya tu kutoka tumboni mpaka kwenye utumbo, na mshipa wa fahamu unaoamuru asidi itoke ukakatwa. Wengine walizibwa tundu lililotoboka, basi. Kwa nje makovu ya watu hawa wote yafanana: mstari mmoja kutoka chini ya kifua kushuka kitovuni. Hiyo ndiyo taabu yenyewe. Ukilitazama kovu huwezi kujua ndani kulifanywa nini.

Dawa zilipokuja, visu vilipungua. Mwaka 1976 ilitoka dawa ya simetidini inayopunguza asidi, baadaye ikaja omeprazoli ambayo wengi wenu mwaijua dukani, kisha dawa za kumwua yule mdudu. Leo mtu mwenye vidonda hakatwi tumbo ila kwa shida maalum. Hesabuni basi. Aliyekatwa mwaka 1975 akiwa kijana wa miaka 30, leo ni mzee wa miaka 80 na zaidi. Waliokatwa zamani ndio wazee wetu wa sasa, na miaka yao 15 au 20 ilikwisha kupita kitambo.

Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni kubwa ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kama ninyi, wakajifunza habari za malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Kansa haikuwamo. Siwalaumu walioitunga, maana choo na mbu ndivyo vilivyokuwa vikiua watoto. Lakini wale waliosikiliza siku zile wakiwa vijana, ndio hao ninaowataja leo.

Tumtunge mtu mmoja, kwa kuwa somo lisilo na mtu halishikiki. Huyu si mtu wa kweli. Ni mzee wa miaka 72 anayekaa karibu na Butiama. Mwaka 1981 alipasuliwa tumbo kwa vidonda. Tangu hapo hakuwa na shida, ila alikula kidogo kidogo, na akila uji mtamu mwingi kwa mara moja alitoka jasho na moyo ukamwenda mbio. Hayo hutokea kwa watu wengi waliokatwa tumbo, naye aliyazoea.

Mwaka huu mambo yamebadilika. Akila matonge manne ameshiba. Mkanda wa suruali umetobolewa matundu mapya mawili. Kilima cha kwenda shambani kinamtoa pumzi. Choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Anasema, vidonda vimerudi. Ananunua dawa za vidonda dukani, anapata nafuu majuma matatu, kisha maumivu yanarudi. Ananunua tena. Jirani mmoja anasema ni minyoo, mwingine ananong'ona kwamba amerogwa. Miezi sita inapita hivyo.

Hatimaye mjukuu wake anampeleka kwa baiskeli mpaka kwenye zahanati. Kijana wa zahanati anasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Una shida gani, mzee wangu?"

"Vidonda vya tumbo. Ni vya zamani, nimevizoea."

Hapa, ndugu zangu, njia hugawanyika. Kijana akiandika "vidonda vya tumbo" na kutoa vidonge, mzee atarudi nyumbani na miezi mingine itapita. Lakini huyu anasema, "Naomba ulale hapa nikuguse." Anaona kovu. "Mzee, hili ni la nini?"

"Nilipasuliwa."

"Walikata tumbo, au waliziba tundu, au walifungua njia tu?"

"Sijui, mwanangu. Walinilaza, nikaamka. Cheti kililiwa na mchwa."

"Lakini mwaka unaukumbuka?"

"Ulikuwa mwaka mmoja baada ya kuzaliwa binti yangu mkubwa. Themanini na moja."

Kijana anahesabu: zaidi ya miaka 40. Anatazama macho ya mzee, ndani ya kope kumekuwa kweupe. Anampima damu, ni chache. Hapo hapo anaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa, na katika barua anaandika mwaka wa kupasuliwa.

Kwa nini mwaka ule una nguvu hivyo? Kwa sababu dalili za mzee huyu zaweza kuwa na sababu nyingine. Mtu aliyekatwa tumbo hupungukiwa damu hata bila kansa, kwa kuwa tumbo dogo halichukui vizuri madini ya chuma wala vitamini B12 kutoka katika chakula. Hukonda pia hata bila kansa. Basi daktari asiyejua atasema, amekatwa tumbo, ni kawaida yake. Na asiyejua kwamba amekatwa atasema, ni vidonda. Wote wawili wamekosea njia. Swali la kuuliza ni hili: ulikuwa mzima kwa miaka mingi baada ya kupasuliwa, mbona sasa umebadilika? Mabadiliko mapya baada ya miaka mingi ya amani ndiyo yanayomtaka mtu ameze mpira.

Na zile dawa za dukani? Zilimpa nafuu, kweli. Dawa ya kupunguza asidi huweza kutuliza maumivu hata pale penye kansa. Nafuu hiyo humdanganya mgonjwa.

Hospitali kubwa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Huko mzee atafunga kula tangu usiku, na asubuhi koo litatiwa ganzi. Mpira hupita, daktari hutazama. Kwa tumbo lililokatwa daktari hutazama zaidi pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, maana hapo ndipo nyongo inapopiga. Hatosheki na kutazama. Kansa changa yaweza kuonekana kama wekundu mdogo tu, au kama mchubuko wa kawaida. Kwa hiyo hunyofoa vinyama vidogo, kila kimoja kama punje ya mtama, kutoka mahali pengi, hata mahali panapoonekana pazuri. Mgonjwa hasikii maumivu ya kunyofolewa. Vinyama huenda maabara, mtaalamu akavitazama kwa darubini. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Kama ni kansa, mgonjwa hupigwa picha ya kompyuta ili ijulikane imefika wapi: kwenye ini, kwenye tezi, au bado imo tumboni tu.

Majibu ya vinyama hayatoki siku ile ile, na hapa watu wengi hupotea. Nauli imekwisha, mzee amechoka, wanasema tutarudi mwezi ujao. Kama una ndugu anayesubiri jibu, bora umwache kwa jamaa Mwanza, au umwachie mtu wa huko namba ya simu na jina kamili lililoandikwa hospitalini.

Madaktari wa Mwanza walitoa hesabu mwaka 2012. Waliwatazama wagonjwa 232 wa kansa ya tumbo la chakula waliofika Bugando tangu 2007 mpaka 2011. Hao ni wenye kansa ya tumbo ya kila namna, si wale tu waliokatwa zamani. Katika kila wagonjwa 100, wagonjwa 92 walifika ugonjwa umekwisha kukomaa. Wengi walipasuliwa ili wafunguliwe njia ya kupitisha chakula tu, kwa kuwa kuondoa kansa yote hakukuwezekana tena. Nusu ya wagonjwa hao hawakuzidi umri wa miaka 52 hivi.

Kama kansa imeonekana mapema, matibabu yake ni kukata kile kipande chote cha tumbo kilichobaki, na kuunganisha utumbo na koo la chakula moja kwa moja. Mtu huweza kuishi bila tumbo. Hula kidogo mara nyingi, na hupigwa sindano za vitamini B12 maisha yake yote. Kama imechelewa, ziko dawa za sindano, ziko njia za kufungua kizuizi, na ziko dawa za kutuliza maumivu. Bugando ina idara ya kansa, na Dar es Salaam iko taasisi ya Ocean Road.

Naomba msiogope kupita kiasi. Wengi wa watu waliokatwa tumbo hawapati kansa hii kabisa. Yule mzee wetu wa kutunga huenda akaambiwa ana upungufu wa damu tu na mchubuko wa nyongo, akatibiwa, akarudi Butiama kulima mihogo. Mpira humezwa ili ijulikane.

Sasa kazi ya kuandika. Kila mwanafunzi achukue kipande cha karatasi ngumu. Kama wewe mwenyewe una kovu la tumbo, andika habari zako. Kama huna, nenda jioni hii kwa mzee wa nyumbani kwenu, baba, mama, mjomba au shangazi, mwulize kwa heshima, na umwandikie. Mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua naye aandikiwe, ili kovu lake lisidhaniwe kuwa la vidonda. Andika kwa herufi kubwa zinazosomeka, mstari kwa mstari:

Jina langu ni …

Nilipasuliwa tumbo mwaka …

Hospitali ilikuwa …

Walinipasua kwa sababu ya …

Walikata, au waliziba, au walifungua njia: …

Asiyejua jibu la mstari wa mwisho aandike SIJUI. Asiache wazi, maana daktari akiona nafasi tupu hudhani imesahauliwa, na akiona SIJUI atatafuta. Asiyekumbuka mwaka aandike jambo lililotokea karibu na mwaka huo, kama vita vya Kagera, au kuzaliwa kwa mtoto fulani, na mwalimu wa darasa amsaidie kuhesabu. Karatasi hiyo itiwe ndani ya mfuko wa nailoni na kuwekwa pamoja na kadi ya kliniki, mahali pasipofika mchwa. Mwalimu atazisoma juma lijalo, saa hii hii. Kwa herini.